Siku Nilipochinja Kuku wa Bonanza

Kuna watu aibu zao wamezikunja vizuri na kuziweka chini kabisa ya begi, lakini ya kwangu mimi ina ukubwa wa uwanja wa mpira na mashahidi wasiopungua mia moja, kwa hiyo kuificha siwezi, na hata nikijaribu kuna mtu wa Pasiansi atanikuta dukani nanunua sabuni atasema, "Aah, mchinjaji, habari za siku," basi imekwisha. Ngoja niisimulie mwenyewe, maana wengine wakiisimulia wanaongeza kwamba nililia. (Sikulia. Uso wote ulikuwa umelowa maji ya ziwa, hakuna anayeweza kuthibitisha.)

Naitwa Masalu, mtoto wa Kwimba, mchunga ng'ombe kwa kuzaliwa na kipa kwa kupenda. Matokeo yangu ya kidato cha nne baba aliyatazama, akanirudishia karatasi, akaenda kukagua zizi. Kanisa letu ndilo lililonitafutia nafasi kwenye chuo kidogo cha dini huku Pasiansi, karibu na ziwa kiasi kwamba mpira ukipigwa vibaya unarudi umelowa, nami nasomea cheti cha maendeleo ya jamii. Nina ndoto moja kubwa, msinicheke: siku moja pale ufukweni pawe na uwanja ambao vijana wa kila kabila na kila dini wanakuja kucheza jioni, na mimi niwe na kiofisi chenye feni ya kuwaandikisha majina.

Ndoto hiyo ndiyo iliyozaa bonanza. Chuoni tupo Wasukuma, Wahaya, Wajita, Wakerewe, Wajaluo, tumezoeana mpaka tunagombania maharage bila kuulizana kabila, nikaona kwa nini tusiwaalike na majirani, hasa vijana wa Mabatini, ambao wengi wao ni Waislamu. Kule nilikuwa na rafiki, Idrisa, fundi pikipiki. Nilikaa Mabatini miezi miwili kwa mazoezi ya vitendo kwenye ofisi ya mtaa, mwezi mmoja ukaangukia Ramadhani, na mama yake Idrisa alipogundua kwamba jioni nakula mkate mkavu akaagiza niletwe kwake. Siku ya kwanza kabla hajapakua aliniuliza, "Mwanangu, kanisani kwenu kuna kitu hamli? Maana najua wengine hamli kambale." Nikamwambia sisi tunakula. Akasema, "Haya, nimeuliza tu ili usije ukala kwa aibu," na kuanzia siku hiyo nilifuturu pale mwezi mzima, mimi ambaye sikufunga hata nusu siku.

Kwenye kamati ya chuo mwalimu mmoja hakupenda bonanza, alisema michezo ya kuchanganyika itatuletea mambo ya dunia. Mkuu wetu wa chuo, ambaye ni mchungaji na huwa haongei sana, akamjibu taratibu, "Hawa tunakutana nao sokoni, hospitalini na misibani kila siku ya Mungu. Mpira tu ndio utakaotuharibu?" Ikapita. Halafu akanigeukia mimi, "Masalu, wazo ni lako, na chakula kitakuwa chako. Mama Koku atapika pilau la kuku. Kuku uwapeleke kwa Mzee Athumani achinje yeye, wageni wetu wale bila kuuliza."

Hapo sina pa kujitetea, nilielewa kila neno. Huku kwetu hata asiyejua kusoma anajua kwamba shughuli ikiwa ya watu mchanganyiko, mchinjaji anakuwa Mwislamu, ili sinia likiwekwa kila mkono uingie. Kijijini kwetu Waislamu walikuwa nyumba mbili tu, lakini harusi ikitokea lazima mmoja wao aitwe na kisu chake.

Mzee Athumani anakaa hatua chache kutoka geti la chuo, na ni babu yake Idrisa mzaa mama. Alikuwa seremala, sasa mikono inatetemeka kidogo na kazi hazimjii kama zamani. Nilipomfuata siku ya Ijumaa alifurahi mpaka akaniuliza idadi mara tatu. "Kumi na nne," nikasema. "Kumi na nne," akasema, "niletee saa moja kamili asubuhi, nitakuwa nimeshanoa." Nikamwambia saa moja haitapita.

Sasa Jumamosi asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu nipo nyuma ya bwalo, kuku wamo kwenye tenga wananitazama kwa jicho moja moja kama kawaida yao, Mama Koku ameshachemsha maji na anauliza kutoka jikoni kuku wako wapi (huyu ni mama wa Kihaya, mpishi wetu, akiwa jikoni hata mkuu wa chuo anabisha hodi), na Magesa, Mkerewe ninayelala naye chumba kimoja, anapita mbio amevaa jezi, ananiambia, "Kocha anachagua kipa saa moja hii, na Benja ameshafika, amevaa glavu." Benja alikuwa kipa mwenzangu. Mrefu. Mwenye mikono kama majembe.

Nikapiga hesabu: kwenda kwa Mzee Athumani na tenga kichwani dakika tano, salamu zake dakika kumi, kuchinja saa nzima kwa mikono ile, kurudi, hapo Benja ameshakuwa kipa na mimi ni mtu wa kuokota mipira ziwani. Na kisu kilikuwa palepale juu ya ndoo. Na mimi nimechinja kuku tangu nikiwa mdogo. Nikajisemea kuku ni kuku, nani atauliza.

Nusu saa haikufika, nilikuwa nimemaliza wote kumi na nne, nanawa.

Mama Koku alipoletewa akashangaa. "Waitu, Mzee leo amekuwa mwepesi."

"Aliamka mapema," nikasema. Sio uongo, nilijiambia, mzee yule lazima aliamka mapema.

Nikakimbilia uwanjani, kocha akanichagua (Benja alisahau viatu, unaona mambo yalivyoninyookea), na nikiwa katika furaha hiyo mkuu wa chuo akapita akaniuliza, "Umemfikishia Mzee shukrani zetu?" Nikasema nimemfikishia. Akasema vizuri, kabla ya chakula atamsimamisha mbele ya watu amshukuru kwa jina. Nikamwambia Mzee atafurahi, nikainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Wageni wakafika saa tatu kwa Hiace mbili, wavulana wa mpira na wasichana wa netiboli, na ngoma yao, na Idrisa akiwa mbele amening'inia mlangoni. Akanikumbatia, akaniambia kwa sauti ya kunong'ona ila ya furaha, "Unajua kuna wenzangu walitaka kubeba maandazi yao? Mwaka jana tulialikwa mahali, tukala kwa mashaka, wengine hawakula kabisa. Nimewaambia leo waache maandazi nyumbani. Nimewaambia kwa Masalu anachinja babu yangu mwenyewe."

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua mdomo nimwambie, na maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno, ila kwaya ikaanza kuimba wimbo wa kuwakaribisha, Idrisa akavutwa mkono na wenzake, nikabaki nimefungua mdomo kama sato wa mnadani. Nikajipangia: nitamwambia baada ya mechi, kabla ya chakula. Kuna muda.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Walichanganya watu kwenye kuvuta kamba, mchungaji upande mmoja na wasichana wa Mabatini, na mwalimu yule aliyepinga bonanza upande wa pili pamoja na fundi mwenzake Idrisa mwenye kifua kama pipa, wakashinda, wakakumbatiana. Dada mmoja Mjaluo alikuwa anamfundisha mgeni mwenye hijabu namna yao ya kutikisa mabega, wanacheka wote wawili. Yote niliyoyaota chini ya neti yangu ya mbu yalikuwa yanatokea mbele ya macho yangu, na harufu ya pilau inakuja na upepo wa ziwa, na kila ikinifikia najiona mimi ni mtu mbaya.

Mechi ikaanza saa nne. Sitaisimulia yote. Dakika ya sita nilifungwa bao ambalo bibi yangu angelidaka kwa khanga. La pili nililisindikiza kwa macho. Magesa akarudi nyuma kuniuliza, "Masalu, unaumwa?" Nikasema jua. (Nilikuwa nimelipa mgongo jua.) Kusema kweli nilikuwa nasali, na sala yenyewe ilikuwa ya ajabu, nilikuwa namwomba Bwana mvua kubwa inyeshe ghafla kila mtu aende kwao na njaa.

Mvua haikunyesha. Aliyetokea ni Mzee Athumani.

Alikuja kwa upande wa nyuma ya goli langu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia, na kitu amekizungushia kitambaa cha kijani kwapani. Wachezaji wote walikuwa upande wa pili wa uwanja. Akasimama karibu na mlingoti, akaniita kwa upole, "Kijana wangu. Kuku wako wapi?"

Nikajifanya namtazama refa.

"We Masalu. Nimekaa tangu saa moja. Nimekuja mwenyewe basi, niambie walipo niwahi, watu watakula saa ngapi?" Na kwa kuwa mimi nimempa kisogo, akadhani sijamwelewa, akaingia hatua mbili ndani ya uwanja, akafungua kile kitambaa anionyeshe kwamba yuko tayari. Kisu kilikuwa kirefu, kimenolewa, na jua la saa nne na nusu likakipiga sawasawa.

Mtu mmoja upande wa watazamaji akasema, "Jamani, yule mzee ana kisu." Hakupiga hata kelele, alisema tu, lakini mnajua watu. Wa mbele wakasogea nyuma, wa nyuma wakadhani kuna jambo kubwa zaidi, viti vikaanguka, kwaya ikakimbia na kinanda chao, na wakati huohuo Idrisa amewatoka mabeki anakuja na mpira mguuni kuelekea kwangu, na mimi katikati, mbele yangu rafiki niliyemdanganya, nyuma yangu babu yake niliyemdanganya.

Kipa mwenye akili angefanya nini sijui. Mimi nilikimbia.

Nililiacha goli nikapita kati ya mipapai ya chuo, nikashuka kwenye yale mawe makubwa ya ufukweni, nikateleza jiwe la mwisho nikaingia ziwani na glavu zangu, na pale maji ni ya kiunoni tu lakini gugu maji limejaa, kila nikivuta mguu linanivuta na lenyewe, ikabidi nisimame hapohapo na jani kubwa begani. Watu wote wakaja nyuma yangu wakapanga mstari ukingoni, jezi zao, hijabu zao, magauni ya kwaya, wote wananitazama kama kiboko aliyeibuka. Mpira huku nyuma, nilikuja kuambiwa, ulijiviringisha wenyewe mpaka wavuni na refa akaweka kati.

Kwa pale chini nilipokuwa niliweza kuona kati ya miguu ya watu mpaka uwanjani. Mzee Athumani alikuwa bado amesimama golini. Peke yake. Watu wanaomwamkia kila siku, wengine amewatengenezea vitanda vyao, walikuwa wamemkimbia. Alitazama kule walikokimbilia, akatazama kisu mkononi mwake, halafu akaanza kukifunga kile kitambaa polepole, anazungusha, anazungusha. Sijawahi kuona kitu kilichoniumiza vile. Kuanguka ziwani kilikuwa kichekesho tu. Aibu yangu yenyewe ilikuwa pale golini, imevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Idrisa akatoka kwenye mstari, akarudi, akamshika babu yake mkono, wakaja wote wawili.

Mkuu wa chuo akawapokea. "Mzee wangu, shikamoo. Kuna shida gani?"

"Marahaba. Sina shida na mtu," akasema Mzee. "Nimekuja kuchinja kuku. Huyu kijana alisema saa moja."

Mkuu akanitazama, akamtazama Mzee. "Kuku si ulishawachinja asubuhi?"

"Kuku gani?"

Mama Koku naye alikuwa amefika na mwiko wake, akausogeza mbele kama anaelekeza njia. "Masalu. Wale kuku alichinja nani?"

Nitawaambia ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza. Hata pale, na gugu maji begani, shetani alikuwa ananitafutia jina la Mwislamu mwingine. Ningeweza kusema nilimpata mtu njiani. Wangekubali. Nikamwangalia Idrisa, naye akasema kwa sauti ndogo, "Sema tu, ndugu yangu."

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?" akauliza Mama Koku.

"Mimi ndiye niliyechinja. Wote kumi na nne. Mzee sikumpelekea, nilitaka kuwahi namba. Na nyie watu wa Mabatini msile lile pilau, naombeni sana msile, na mnisamehe. Na watu wengine msimwogope Mzee, kisu kile nilikiita mimi."

Msichana mmoja wa kwaya alianza kucheka akajikuta yuko peke yake, akaacha. Idrisa hakucheka wala hakugomba. Alisema tu, "Niliwaambia watu thelathini, Masalu," akageuka.

Nikatoka ziwani mwenyewe, hakuna aliyenipa mkono, na sikustahili. Juu kule wageni walikuwa wameanza kukusanya viatu, kwa adabu, bila kelele, mmoja anasema hapana kaka msijali tutakula tukifika nyumbani, na adabu yenyewe ndiyo iliyokuwa inanichoma. Mkuu wa chuo ameshika kichwa. Mama Koku ndiye aliyekuwa anasema kwa niaba ya wote, "Pilau langu, tangu alfajiri, nimeweka mpaka mdalasini wa nyumbani kwangu, sasa nimlishe nani?"

Aliyetuokoa ni yuleyule aliyekimbiwa. Mzee Athumani alikuwa ameketi kwenye kiti cha kwaya, amekilaza kile kitambaa magotini, akasema kama mtu anayejiuliza, "Kwani ziwa limekauka?"

Mama Koku akashusha mwiko.

"Nauliza tu. Mmesimama kando ya ziwa mnalilia kuku. Samaki anachinjwa na nani? Sufuria zitoke kwangu na kwa majirani, hizo zenu za kuku ziacheni. Nyie watoto vueni hivyo viatu."

Magesa hakungoja amalize. Mkerewe ukimtajia samaki hahitaji ramani, alishuka mwaloni kwa wavuvi na wenzake watatu, na kabla nusu saa haijaisha walirudi na sato wa kutosha, wengine bado wanapigapiga mkia, na mkuu wa chuo akaenda mwenyewe kukopa mafuta dukani. Mimi nikapewa kisu butu, jiwe la kukalia, na kazi ya kupara magamba yote. Mechi ikaendelea bila mimi. Benja alikaa golini na hakufungwa tena, alidaka mpaka mipira iliyokuwa inatoka nje, na kila watu wakimshangilia nilikuwa nakumbuka kwamba ile ndiyo nafasi niliyoiuzia heshima yangu asubuhi.

Nikiwa kwenye samaki wa tisa au wa kumi nikasikia mtu amekaa jiwe la pili. Idrisa. Alikuwa ametolewa, au alijitoa, sikuuliza. Akachukua sato akaanza kupara.

"Unaanzia kichwani," akasema. "Anza mkiani, magamba yanatoka yenyewe."

Nikaanza mkiani.

"Kwa nini hukuniambia nilipofika?" akauliza.

"Ulikuwa umefurahi."

"Ungeniambia ningekucheka, halafu ningempigia babu simu, tungekula samaki tangu mwanzo." Akapara kidogo. "Mimi nilisimama kwenye Hiace nikawaambia watu wamwamini mtu. Unajua ilivyo ngumu kusimama kwenye Hiace?"

Nilitaka kucheka, nikaona bado sijaruhusiwa. Nikasema, "Nisamehe."

"Mimi sikai na hasira, unanijua. Lakini mwenye kesi ni babu. Umeona walivyomkimbia? Babu asipokupokea, Masalu, hata mimi sitakuleta nyumbani tena. Nitamwambia nini mama?"

Tulikula saa nane. Masinia yakawekwa chini, ugali na sato wa kukaanga na pilipili, mchungaji akaomba, wageni nao wakasema bismillah zao kimyakimya, na mikono ikaingia, ya kila rangi na kila kabila, wote sinia moja. Lile pilau halikuguswa na mtu yeyote, hata sisi wenyeji, mkuu alisema litasubiri mpaka jioni. Na kabla ya kula nikaona wale waliokimbia wanakwenda kwa Mzee mmoja mmoja, wanainama, "Shikamoo babu," naye anawaitikia wote, "Marahaba," hamruki mtu, hata yule aliyesema mzee ana kisu.

Nikapanga foleni, nikawa wa mwisho. "Shikamoo babu."

Alimtoa mwiba samaki wake, akauweka pembeni. "Shikamoo yako kaa nayo," akasema. "Kesho uje nayo nyumbani."

Usiku ule hosteli walikula pilau wakalisifia. Mimi sikulionja.

Jumapili nikatoka ibadani nikaenda moja kwa moja na suruali yangu ya kanisani. Mzee alikuwa uani anapiga randa ubao mfupi. "Shikamoo babu." Hakujibu. Alinionyesha benchi lililo ukutani kwa ile randa, nikakaa. Nikakaa. Bibi, mke wa Mzee, akanipa maji, akaniambia mezea subira. Majirani wakapita, wakanisalimu, wakauliza kama nimekuja kuchinja, nikasema hapana. Idrisa akafika kutoka Mabatini, akaniona, akakaa upande wa pili wa benchi. Adhana ya mchana ikalia, Mzee akatawadha akatupita akaenda msikitini, Idrisa akamfuata, na mimi nikabaki na kuku wawili wa bibi waliokuwa wanazunguka miguu yangu bila wasiwasi wowote, inaonekana habari zangu hazijawafikia.

Waliporudi Mzee alisimama mbele yangu. "Bado upo?"

"Bado nipo, babu."

Akakaa katikati yetu, akavua kofia. "Jana nilikaa hapahapa," akasema. "Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Bibi yako akasema hao wamepata mtu mwingine mwenye nguvu. Nikasema hapana, yule kijana alisema haitapita saa moja, lazima ameugua. Nikawa nakuombea dua upone. Mpaka saa nne nakuombea, ndipo nikasema ngoja niende nikamwone, na kisu nikachukua."

Nilitazama viatu vyangu tu, na safari hii siwezi kusingizia maji ya ziwa.

Halafu akaniwekea mkono kichwani, ule unaotetemeka, akasema, "Marahaba." Akamwita bibi alete chai ya watatu.

Nimeapa mambo mawili tangu siku hiyo. Kwanza, kosa likinitoka nalisema likiwa bado dogo, kabla halijapata miguu ya kunifukuza mpaka ziwani. Na pili, bonanza lingine linakuja, watu wa Mabatini wameshasema watakuja bila maandazi, nami nimemwomba mkuu wa chuo goli ampe Benja na chakula ampe mwingine yeyote. Nimeomba kazi moja tu, ya kumpelekea Mzee Athumani kuku wake. Mzee ameniambia saa moja. Nitakuwa mlangoni kwake saa kumi na mbili, na akichelewa kuamka nitakaa kwenye benchi nimngoje.